Nyumba ya Paddington Si Yangu, na Shamba la Baba Nanyimwa

Mpendwa Bi Khamisa, shikamoo. Nakusikiliza redioni kila Alhamisi nikipiga pasi na sikuwahi kufikiria kwamba siku moja ningekuandikia, lakini Jumamosi hii naweza kupoteza sehemu yangu ya shamba la marehemu baba, na hapa Sydney sina mtu wa kumweleza bila habari kufika kanisani kabla yangu, kwa hivyo naomba jina langu ulifiche.

Mimi ni Mkamba wa Mwala, Machakos, nina miaka thelathini na minane, kazi yangu ni kuwatunza wazee majumbani. Mji ulipofungwa mwezi wa sita kwa ajili ya Korona nilikuwa nakodi chumba Lidcombe, magharibi mwa mji, na kwa vile upande wetu uliwekewa masharti makali kuliko kwingine, familia ya bibi mmoja niliyekuwa namhudumia Paddington, kwa matajiri, ikaniomba nihamie kwake nilale huko huko. Bi Khamisa, hiyo nyumba ina zaidi ya miaka mia moja na thelathini, imebanana na za majirani ukuta kwa ukuta, ina ghorofa mbili, marumaru kila pahali pa kuotea moto, na roshani ya vyuma vilivyosukwa kama vitambaa vya makochi ya mama, na mimi asubuhi ya kwanza nikajipiga picha pale roshanini na kikombe cha chai nikamtumia mama. Akaniuliza, hapo ndipo kwako? Nikamjibu, mama, tuko hapa kwa neema ya Mungu. Hilo tu. Sikusema ni yangu, lakini pia sikusema si yangu, na huko nyumbani wanajua nafanya kazi ya ofisi hospitalini, kwa sababu ningeanzaje kumwambia mama aliyehangaika nisome kwamba kazi yangu ni kuosha wazee.

Mama akatangaza kanisani kwao Mwala. Jumapili iliyofuata Mchungaji Rufus akataka kuibariki nyumba kwa Zoom, ukoo mzima ukiwa umeunganishwa, na mimi badala ya kukataa nikachukua simu, nikataja mpaka jina la mtaa, nikapita chumba hadi chumba nikipaka miimo ya milango mafuta ya kupikia, maana ya mizeituni yalikuwa yameisha, na bibi akiwa kwenye televisheni yake akaniuliza nafanya nini, nikamwambia milango inapiga kelele. Kaka yangu Muema ndiye aliyeitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Bibi alifariki mwezi wa tisa nikiwa nimemshika mkono, akazikwa na watu kumi tu. Sasa watoto wake wanaiuza nyumba na wameniomba nibaki kuitunza mpaka ipate mnunuzi. Binamu yangu Mbuvi akaliona tangazo mtandaoni, akalitupa kwenye grupu la familia, na kwenye picha ya chumba cha nyuma leso yangu aliyonipa mama imeachwa juu ya kiti, ajenti wa kuuza nyumba hata hakuiondoa. Ikawa vita. Ati nauza mali iliyobarikiwa bila kumwarifu mtu. Mama amelia siku mbili.

Muema yeye hakulia, ameleta karatasi. Baba alituachia ekari kumi na mbili, tuko watoto wanne, na karatasi inasema kwamba mimi kwa hiari yangu sitaki hata kipande kwa vile nimejaliwa nyumba ng'ambo, niitie sahihi na kuisoma kwa Zoom mbele ya wazee wa ukoo watakaoketi hapo shambani hiyo Jumamosi. Tena akaandika kwenye grupu kwamba mtu mwenye nyumba ya matajiri akidai shamba ni ulafi. Mimi mlafi, Bi Khamisa, mimi niliyefunga makasha mwaka mzima katika ghala la Wetherill Park huku Sydney ili nyumba ya huyo Muema iezekwe mabati. Nina hasira, na bado kuna sauti inaniambia nitie sahihi, kisha niseme nyumba imeshauzwa, mambo yaishe na mama asiaibike kanisani. Nifanye nini?

Mimi niliyekwama, Paddington

*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka pale kwenye mafuta ya kupikia, mara ya pili sikucheka hata kidogo.

Tuanze na wewe, maana wewe ndiye uliyeniandikia. Ulidanganya. Usiniletee habari za "sikusema ni yangu". Mtu anayepaka milango mafuta huku ukoo mzima unatazama ameshasema. Tena uliiombea baraka nyumba ya mtu aliye hai, amekaa sebuleni mwake, bila kumwambia. Hapo ulimkosea, na sasa huwezi tena kumwomba radhi. Lakini lililoniudhi zaidi ni kwamba unaona haya kusema unatunza wazee. Miezi ile ambayo watu walikatazwa hata kutembeleana, wewe ulikuwa humo ndani, unamlisha, unamgeuza, na akafa akiwa na mtu. Mama yangu mimi alifia Tanga mwaka jana, mipaka imefungwa, niko hapa hapa Sydney nalia na simu. Aliyemshika mkono ni binti wa jirani, Suhaila. Siku nitakayomwona huyo binti nitampigia magoti. Na wewe kazi hiyo hiyo umeifunika kwa roshani ya watu.

Haya, hayo nimeyasema, yamekwisha. Sasa huyo Muema.

Kaka yako hana hoja, ana karatasi tu. Tuseme nyumba ya Paddington ni yako kweli, na nyingine tatu nyuma yake. Shamba la baba yako linakuwa si lako kwa sababu gani? Muema mwenyewe ana nyumba, tena umemwezekea wewe, mbona yeye hakujiandikia karatasi? Uongo wako ni jambo moja na urithi wako ni jambo jingine kabisa, na yeye ameyafunga pamoja akijua utaona haya kuyafungua. Huo ni uonevu, na mimi umenikera tangu nilipousoma. Sheria ya Kenya inamhesabu binti sawa na mwana.

Na hiyo sauti inayokuambia utie sahihi kisha useme nyumba imeuzwa, inyamazishe leo. Wiki ijayo watauliza pesa za nyumba ziko wapi, na hapo utajibu nini?

Usitie sahihi karatasi yoyote. Usimpigie Muema kumtukana, ingawa angestahili. Mpigie mama yako leo hii, yeye peke yake, asije akayasikia mkutanoni. Usimzungushe. Mwambie hivi: mama, nyumba ni ya bibi niliyekuwa namtunza, na kazi yangu ndiyo hiyo. Akilia, mwache alie. Akikata simu, mpigie tena kesho. Halafu mpigie mchungaji, umwombe radhi, na kama kuna la kutangazwa kanisani liwe kwa jina lako, maana mama hakudanganya mtu. Tafuta wakili Machakos, wa kwako si wa Muema, awaandikie wazee wa ukoo kwamba sehemu yako hujaikataa. Jumamosi ingia mkutanoni na nguo zako za kazi, uyaseme yote mawili bila kupunguza: nilidanganya kuhusu nyumba, naomba mnisamehe, na sehemu yangu ya shamba naitaka.

Watakusema, vumilia. Muema atakuuliza kwa kejeli, kama nyumba ya Sydney si yako, kwako ni wapi basi. Mjibu taratibu, wazee wasikie: Sydney nakodi chumba, kwetu ni hapo mlipoketi.