Maji Niliyoyameza

Jumamosi. Kyela mjini, mvua tangu alfajiri.

Mvua ya Kyela mwezi wa nne haina adabu. Inapiga bati mpaka husikii unachowaza. Leo nimeishukuru, maana sitaki kusikia ninachowaza.

Nina aibu. Niseme mapema, nisije nikazunguka.

Mnaopita kwenye blogu hii mnajua kuwa mwaka jana nilitoa riwaya. Ndani yake yumo bibi wa kijijini ambaye akilitaja jina la mtu huku anapepeta mchele, mtu huyo hafiki mavuno. Nilijisifu hapahapa kwamba nimeandika juu ya maneno yanayoua. Mzee Salum, mwenye duka la madaftari karibu na stendi, alimaliza nakala zote nilizompa, akaniomba nyingine. Kumbe wateja walikuwa wakimuuliza, huyu bibi si yule wa Ndandalo?

Ndiye. Ni shangazi Subilaga, dada wa marehemu baba. Jicho lake lenye ukungu nililichukua kama lilivyo. Nyimbo anazojiimbia akipepeta nilizigeuza laana. Hata migomba iliyo mlangoni pake sikuibakiza.

Jana nikasikia kuwa hiyo migomba imekatwa usiku, yote.

Leo nimekodi baiskeli ya abiria hadi Ndandalo. Dereva alipojua naenda kwa nani, aliniteremsha mbali na nyumba, akasema tope limezidi. Tope halikuwa limezidi.

Nilimkuta shangazi barazani, mizigo yake imeshafungwa. Jumatatu anavuka mto Songwe kwenda kwa binti yake, upande wa Malawi. Tangu kitabu kitoke, wanawake waliokuwa wakisaidiana naye kuvuna mpunga hawaji tena, na watoto wakimwona njiani wanakimbia. Sasa watu wamekuja usiku na mapanga, wakaishia kwenye migomba. Safari nyingine hajui wataishia wapi. Alinieleza hayo yote bila kunilaumu, na katikati akaniuliza kama nimekula.

Kisha akaleta kikombe cha maji.

Asiye wa kwetu nimweleze. Wazee wa Kinyakyusa wanaamini kwamba hasira ukiificha moyoni inamwangukia ndugu yako, anaugua. Dawa yake ni kuisema waziwazi mbele ya ndugu huyo, halafu unapiga funda la maji na kuyatema chini. Ikitemwa, imekwisha.

"Mtu hamwandiki mwenzake hivyo bure," aliniambia. "Kama nilikukosea, sema. Nisiondoke na neno lako."

Ninalo. Nilipoacha ualimu ili niandike, shangazi alisema kwenye kikao cha ukoo, "Huyu atakula karatasi." Ukoo mzima ukacheka. Mpaka leo binamu zangu wananiita Mla Karatasi. Ni utani tu, wa shangazi mwenye mdomo mwepesi, lakini mimi niliuweka kama jiwe kiatuni, nikatembea nao miaka. Nilipoanza kumwandika muuaji, kalamu ilijua njia ya kwake bila kuuliza.

Nikapiga funda. Nikamtazama. Neno likaonekana dogo mno. Ningewezaje kumwambia kuwa migomba yake imekatwa kwa sababu ya kicheko cha siku moja?

Maji nikayameza.

"Sina neno, shangazi," nikasema.

Aliona koo langu likishuka. "Ndaga, mwanangu," akanishukuru, akakichukua kikombe, akaingia ndani. Hakutoka tena kuniaga.

Na sasa nimeketi mbele ya kompyuta ya kukodi, naungama kwa watu wa Dar na wa ng'ambo. Ndandalo nzima hakuna anayesoma blogu. Kitabu wamekisoma, au wamesimuliwa. Hata kuungama nimechagua mahali ambapo hakunigharimu kitu.

Kesho ni Jumapili. Watu wakitoka kanisani Ndandalo nitasimama pale nje, shangazi akiwepo na waliokata migomba wakiwepo. Nitasema kwamba bibi yule nimemtunga mimi kwa kinyongo, na kinyongo chenyewe nitakitaja, Mla Karatasi na yote. Kikombe nitakiomba mwenyewe, na safari hii nitatema.

Naogopa watanicheka.

Wacheke. Walinicheka siku ile, na mimi bado niko hai.