Dada Hasikii Miguu Baada ya Sindano

Shoga wee! Dada yuko chumba cha upasuaji!

Si unajua mgongo ulivyomtesa na ile cherehani yake? Leo akaenda kwenye tiba ya Kichina, ya kuchomwa zile sindano nyembamba mgongoni. Akarudi anacheka kabisa. Kufika jikoni, pu! Chini. "Miguu yangu iko wapi?" Iko wapi, na huku anaitazama!

Daktari kasema damu imevilia ndani ya uti wa mgongo, inabana mishipa ya fahamu. Wasipoitoa upesi, hatatembea tena. "Hutokea kwa nadra sana, mama." Nadra! Na imemwangukia dada yangu!

Alipokuwa anaingizwa akanishika mkono. "Hebu nifinye kidole cha mguu."

Nikamfinya mpaka kucha zikazama.

Akasubiri, kisha akaniuliza, "Mbona hufinyi?"