Simu Nne, Wasimulizi Wanne

Hamadi,

Nakuandikia kutoka Shumaisi, na simu zako nne ziko mezani mbele yangu. Mbili zinakubali chaja moja. Ya tatu nimezunguka nusu ya Riyadh kuitafutia chaja yake, na ya nne inazimika ikijisikia. Kwa hiyo kabla ya salamu nataka ujue kwamba umenichosha.

Ulipokuwa hai niliona ni kichekesho tu cha mwenye duka la simu, kila msimulizi wa riwaya yako kuandikiwa kwenye simu yake. Binti mfalme kwenye nyekundu, jini wa kisima kwenye iliyopasuka kioo, askari kwenye ndogo, waziri kwenye kubwa. Hukutaka sauti zao zichanganyike. "Nikishika simu ya jini nawaza kijini," ulikuwa ukiniambia pale dukani kwako Sharafiya, Jeddah, huku mteja anasubiri betri yake. Sawa. Lakini mpangilio wa sura hukuuacha popote. Jini anazungumza kabla ya askari kufika kisimani, au baada? Mimi ni ripota, Hamadi, si mpiga ramli.

Tangu tukuzike, mambo yamekwenda hivi. Duka lako sasa linauza manukato. Mkeo Shemsa yuko Nuzha, hukohuko Jeddah, na mama yake, na binti yenu Rahma amerudi kazini. Na yule mchapishaji wa Dar es Salaam uliyempelekea sura za mwanzo amejibu. Kitabu anakitaka, kwa sharti kwamba kisimuliwe na binti mfalme peke yake, mwanzo mpaka mwisho. Anasema msomaji akishamzoea mtu, wewe unamnyang'anya na kumpa mwingine.

Unajua nilikuambia hayohayo miaka yote. Riwaya ya falme na majini tayari ina ugeni wa kutosha. Msomaji anahitaji mtu mmoja wa kumshika mkono. Asichokijua yeye, nasi tusikijue. Akiogopa mlango, nasi tuuogope. Wewe ukashikilia kwamba ufalme hauonekani wote kwa dirisha moja, na kwamba binti mfalme hawezi kujua kiu ya askari. Nilipokuuliza utaishia wapi, ulisema ungeweza kumpa simu hata farasi. Niliondoka nimekasirika, nawe ukanisindikiza mpaka kwenye teksi ukiendelea kubisha.

Basi nikaifanya kazi kama mchapishaji alivyotaka. Shemsa aliniambia, "Fanya uonavyo, shemeji, mradi kitoke." Nikawatoa watatu, nikachapa, nikapanda ndege kwenda Jeddah.

Tulikaa kama ulivyotuzoesha, Ijumaa baada ya kula, kila mtu na mtu wake wa kumsoma. Shemsa binti mfalme, Bi Aziza mama mkwe wako jini, Rahma askari, mimi waziri. Shemsa akaanza. Akasoma, akasoma, wengine tunangoja. Mwishowe Bi Aziza akauliza:

"Na mie naingia wapi?"

"Huingii, Bi Mkubwa," nikamjibu. "Unatajwa."

"Natajwa vipi?"

"Binti mfalme anasikia sauti yako kisimani."

"Nimekaa kwenye maji miaka elfu, leo nimekuwa sauti. Halas, yamekwisha. Na huyu Rahma?"

"Mie nimeshakufa, Bibi," Rahma akasema. "Amekuta upanga wangu mlangoni. Hata sijui nani kaniua."

"Pole mwanangu. Labda kakuua ripota."

Walicheka. Shemsa hakucheka. Alizikunja zile karatasi, akasema, "Nzuri, shemeji. Lakini huyu binti anamwona kila mtu kwa mbali. Hamadi hakumwandika hivi."

Nilirudi Riyadh na hasira. Nikitii sharti, kinatoka kitabu ambacho si chako. Nikilikataa, kitabu kinabaki ndani ya simu hizi, na moja ndiyo hiyo inakata roho. Nikaketi nikasoma upya, simu baada ya simu, nikitafuta ni wapi hasa panaponiudhi.

Nimepaona. Tulibishania idadi bure. Askari wako ni mzuri. Jini wako, Mungu anisamehe, ni mzuri kuliko binti mfalme. Anayeharibu ni waziri. Yeye ndiye anayemtilia mfalme sumu, na wewe unatutia ndani ya kichwa chake sura baada ya sura. Tunajua viatu vinambana. Tunajua anampenda paka wake. Sumu haiwazi hata mara moja, mpaka siku mfalme anapoanguka, hapo ndipo anapoikumbuka. Kuna mtu gani aliyetia sumu asubuhi akala mchana akiwazia viatu? Kama ulitaka kutuficha, usingetupeleka kwenye kichwa kinachojua. Ungetuacha nje, na wengine.

Nimemtoa. Ameondoka na sura zake zote, na zilizobaki zimejipanga zenyewe. Sasa jini anasikia hatua zake kisimani na hajui amefuata nini. Askari anamwona akinawa mikono mara ya pili. Binti mfalme anabusiwa naye kwenye paji la uso. Hatujui anawaza nini, na kwa mara ya kwanza nimemwogopa.

Nimemwandikia mchapishaji kwamba ni watatu, si mmoja. Kila sura juu yake jina la anayesema. Na hakuna anayenyamazishwa kabla hajafikisha jambo lake. Amejibu kwamba atasoma, hakuahidi. Akikataa, nitapeleka kwingine, na huko wakikataa, kwingine tena. Kwa mdomo wa binti mfalme peke yake hakitoki nikiwa hai. Hiyo ndiyo ahadi yangu, na usifikiri nakubali ulikuwa sahihi. Farasi ningemkataa mpaka leo.

Nilimpigia Shemsa kumweleza. Akasema, "Kwa hiyo aliyekosa cha kusoma ni wewe."

"Ndiyo."

"Njoo hivyohivyo."

Ijumaa nitakwenda. Nitakaa nisikilize watu watatu wakimshuku waziri, na sitamtetea.

Lala salama, ndugu yangu. Mungu akupe raha huko, na akupe mtu wa kubishana naye.

Wako,
Seif