Shikamoo Niliyoitoa Kwenye Simu

Nyumba za Polisi,
Mtwara.
14 Juni 1956

Mpendwa Mama Mdogo Somoe,

Nisamehe kwa kuanza na hili kabla ya salamu. Nikitanguliza salamu nitaogopa na sitaliandika tena. Mimi ndiye niliyemponza shemeji Isihaka. Simu ililia, nikaipokea, kisha nikamwambia haikulia. Hajui yeye, hajui dada Mwajuma, wala hajui mtu mwingine yeyote.

Shikamoo, mama. Hujambo wewe na baba mdogo huko Tanga? Kile kikohozi kimepoa? Sisi ni wazima wa mwili. Mgeni, mtoto wa dada, ameota meno mawili na anamng'ata kila anayembeba. Tangu nimalize shule nakaa hapa kumsaidia dada, na kila adhuhuri nampelekea shemeji chakula kazini.

Unajua shemeji ndiye msimamizi wa chumba cha simu pale polisi. Mtu akipiga kusema kuna moto, au watu wanapigana bandarini, yeye ndiye huuliza ni wapi, akaamua askari gani waende na kwa gari lipi. Mwezi uliopita inspekta mpya aliliandika jina lake kwenye orodha ya mafunzo ya uongozi, miezi mitatu huko bara. Hapa kwetu huenda watu wa gwaride na doria tu. Wa simu hajapata kwenda hata mmoja. Koplo Athumani wa doria, aliyezoea kumwita Waya, akapata la kusema kila asubuhi.

"Wewe Waya, utamwongoza nani nawe umekaa kitini? Gwaride utaliamrisha kwa kengele?"

"Na wewe utakimbilia wapi nisipokuambia?" shemeji humjibu, wakacheka wote. Lakini nyumbani alimpa dada koti lake akaze vifungo, na safari ilikuwa bado mbali.

Sasa sikia. Jumanne ya wiki iliyopita mwenzake alikuwa mgonjwa, shemeji akabaki peke yake. Nilipofika na chakula aliniambia, "Mwaisha, nakwenda kuswali hapo uani. Mashine ya umeme inanguruma, sitasikia kengele. Kaa mlangoni. Ikilia niite, hata kama nimesujudu."

Simu ikalia. Nikachungulia, nikamwona paji la uso liko chini kwenye mkeka, nikaona vibaya kumkatisha mtu sala yake. Kengele haikunyamaza. Nikaingia nikaipokea mwenyewe. Ilikuwa sauti ya mzee, nami sikujua mtu huanzaje kusema na mzee asiyemwona, nikasema shikamoo. Akaitikia. Nikamuuliza habari za nyumbani. Akasema, "Njema, lakini huku..." na waya ukakatika. Sikujua huku ni wapi.

Shemeji alirudi akikung'uta magoti, akauliza, "Imelia?" Nilishakatazwa mara nyingi kugusa vitu vya serikali. Nikasema, "Hapana, shemeji." Akakaa akala wali wake.

Aliyepiga ni Mzee Bwanaheri, karani wa shamba la mkonge upande wa Mikindani. Lori la wafanyakazi lilikuwa limepinduka. Alijaribu kupiga tena, waya umekufa, ikabidi amtume mtu kwa baiskeli. Askari walichelewa kama saa mbili. Mtu mmoja aitwaye Omari, baba wa watoto watatu, alikuwa amebanwa chini ya lori muda wote huo. Wamemkata mguu.

Mzee Bwanaheri alimweleza inspekta kwamba simu ilipokelewa, na kwamba alisikia shikamoo kwa mbali, kama ya mtu aliye ndani ya mtungi. Shemeji akaapa kwamba haikulia. Dada alimwuliza mbele yangu kwa nini hasemi kuwa nilikuwapo. Akajibu, "Nimsimamishe binti wa watu mbele ya maafisa? Ameniambia haikulia. Yatosha."

Mama, nilikuwa nachambua mchele. Sikuinua macho.

Jina lake limekatwa. Inspekta amesema kukosea angemsamehe, lakini mwongo hawezi kufundishwa kuongoza wenzake, na sasa wanasema watu wa simu wasifikiriwe tena. Koplo Athumani hamtanii siku hizi. Humpita kimya, na naona hilo linamuuma shemeji kuliko yote.

Orodha inaondoka Jumatatu kwa ndege. Kabla ya hapo jina linaweza kurudishwa. Jana nilikwenda hadi barazani kwa inspekta. Alipotoka akaniuliza nataka nini, nikasema namtafuta shemeji nichukue sahani zake. Leo nimejaribu kumwambia dada, nikaishia kumwomba chumvi.

Nisalimie baba mdogo, mwambie Halima nimeipata kanga yake, na unibusie mkono wa bibi Zuhura. Mola awape afya na riziki ya halali, na awaepushe na aibu kama hii yangu.

Barua hii ikikufikia, Jumatatu itakuwa imeshapita. Ukisikia kwamba shemeji amekwenda mafunzoni, ujue nimesema, na hapo hakuna siri tena. Usiposikia, basi ujue sikuthubutu. Nakuomba unifichie, mama. Usimwandikie dada, wala usiniulize.

Ni mimi mwanao, nikupendaye sana,
Mwaisha