Chuma Nilichoficha Ndani ya Gunia la Unga

Isiolo, Jumatano

Kwa dada yangu mkubwa Halima, huko Korbesa.

Salaam aleikum, dada. Ukiniuliza mimi, mwili ni mzima, ni roho tu ndiyo haijatulia, na nitakuambia kwa nini. Kwanza nyinyi. Mama yetu, magoti yanamruhusu kusimama kwa sala? Shemeji Boru, kile kikohozi kimemwachilia? Mume wangu Baba Guyo amerudi na ngamia, ama bado yuko malishoni? Kabale mdogo ameota jino? Na wewe Amina unayemsomea mama yako, nakusalimu sana. Soma polepole, mwanangu, na hapa simama kwanza, watu wengine watoke nje. Hata Baba Guyo, kama amerudi, atoke. Hii barua nimeandika na mkono wangu, ule wa darasa la ngumbaru, usiku mzima.

Dada, nina wivu. Afadhali niandike tu.

Unajua Guyo wangu anatengeneza malori hapa, kwa uwanja ulio karibu na kibanda changu cha chai. Vyombo vya kununua hakuwa navyo, tulijitengenezea vyetu. Gasketi, ile ya kuziba katikati ya vyuma vya injini, anakata kwa boksi la sabuni, anaigongagonga na nyundo ndogo mpaka alama zitoke. Lakini kazi ya valvu ilikuwa yetu sisi wawili. Valvu ina springi ngumu sana, lazima ikandamizwe ndio utoe vijichuma viwili vidogo vinavyoishika. Guyo alichonga mti wa panda, akauweka juu ya springi. Juu ya mti ubao mrefu, ncha moja imeingia chini ya lori bovu, na ncha ya pili mimi.

“Ayyo, kalia.”

Nakalia.

“Ayyo, usicheke, unatikisa!”

Mafundi wengine walikuwa wanakuja kutazama. Mimi na unene wangu huu mnaonicheka huko, hapa nilikuwa na kazi.

Sasa kuna Mama Zeinabu, mwenye lori la mahindi linalokuja huko kwenu. Mjane, mikono laini, ana binti wa kuozwa. Mwezi uliopita alitoka Nairobi na kitu kimefungwa kwa leso. Chuma kimepinda kama shingo ya ngamia, kina skrubu yake ya kukaza. “Mwanangu,” anamwambia Guyo, mwanangu! “hiki ndicho wanachotumia mafundi wa kweli. Kinabana springi chenyewe.” Na Guyo, dada, Guyo niliyemzaa mimi akanitesa siku mbili, akamshika mkono na akasema, “Ahsante, Ayyo.”

Si mama, kama anavyoita mwanamke yeyote. Ayyo, mama ya lugha yetu, anayoniita mimi.

Kisha akanigeukia, anacheka. “Sasa pumzika, hutakalia ubao tena.”

“Nani amekuambia nimechoka?”

Abdi, dereva wa lile lori, akapiga kelele, “Mama Guyo, umefutwa kazi na chuma!” Watu wote wakacheka. Mimi pia nilicheka. Jioni yake chai ya Guyo niliisahau kuweka sukari.

Nilivumilia wiki mbili. Siku ya tatu ya wiki ya tatu Guyo alikwenda kuoga, chuma kiko juu ya tairi. Nikakichukua. Nimekiweka ndani ya gunia la unga, chini kabisa, na kila nikichota unga wa chapati mkono wangu unakigusa.

Alikitafuta mpaka akakosa. Jana akaja polepole. “Ayyo, njoo ukalie.” Dada, furaha yangu! Nikakalia ule ubao kama bibi harusi. Halafu akiwa ameinama pale, anatoa vile vijichuma, akasema, “Ni Abdi amekiuza. Ni yeye tu alikuwa hapa. Mama Zeinabu akirudi kutoka Meru Jumamosi namwambia, amfukuze.” Mimi nikazidi kukandamiza ubao.

Abdi ana watoto wanne. Alinitania, ndiyo, lakini hajawahi kuchukua hata kijiko cha mtu.

Nikikirudisha, Guyo atamwambia yule mwanamke kwamba mama yake ni mwizi. Na yeye atamfariji, atasema “pole, mwanangu,” na mimi nimesimama pale na unga mkononi. Hiyo ndiyo inanishinda, dada. Jina la mwizi naweza kubeba. Hiyo pole siwezi.

Lori la Mama Zeinabu limepona, linaondoka leo. Anayekupa barua hii ni Abdi mwenyewe. Hajui kusoma, na nimeibandika kwa uji. Mpe maziwa, mpe mahali pazuri pa kulala, usimtazame sana usoni. Analala huko usiku mmoja tu.

Msalimie mama yetu, na shemeji, na Baba Guyo ukimrudisha ndani, lakini haya usimwambie. Wewe ndiye uliyenifunga nguo nikiwa mdogo. Sasa ukisema rudisha, nitarudisha, Mama Zeinabu aseme anavyotaka. Lakini uniambie wewe. Amina aandike hata maneno mawili, na Abdi aje nayo kabla ya Jumamosi. Haraka, dada.

Mdogo wako,
Fatuma, Mama Guyo