Viazi vya Mzee Rono na Amri ya Ukutani

Jumatatu, 2 Juni 2008
Mara ya sita leo. Kompyuta inasema haioni faili za database, ile orodha ya DNA za bakteria wanaojulikana ninayolinganishia. Mimi naziona! Nimezitengeneza mwenyewe asubuhi, kwa amri ile ile ya Daktari, bosi wetu hapa maabara, iliyobandikwa ukutani, yenye sahihi yake chini. Nimenakili kila alama. Bado inakataa.

Viazi ni vya Mzee Rono wa Keringet. Kona moja ya shamba imenyauka. Ikiwa DNA niliyoletewa ni ya bakteria wa mnyauko, mbegu yake yote ghalani itafukiwa. Ikiwa siyo, atapanda. Afisa wa kilimo anataka jibu Alhamisi.

Jumanne, 3 Juni
Nimesoma maelezo ya programu. Karatasi ya ukutani inasema -p T. T ni ya protini. Waliiandika enzi za kutafuta protini za ngano. Mimi nina DNA, nahitaji F. Kwa T zinatoka faili za aina nyingine kabisa, ndiyo maana utafutaji hauzioni. Basi. Hiyo tu.

Nikampelekea Daktari. Hakuinua hata macho.

"Hiyo command tumetumia hapa miaka tatu. Wewe type vile iko."

Nikasema sawa. Hapa hakuna anayebadilisha amri ya ukutani bila yeye kutia sahihi. Najichukia nilivyosema sawa.

Jumatano, 4 Juni
Nimetype vile iko. Imekataa. Nimehamisha folda, nimezima, nimewasha. Upuuzi mtupu, na nilijua ni upuuzi nikiufanya. Kila kosa nimelichapisha. Kurasa tisa. Nataka azione. Nataka aaibike mbele ya wote kwenye chai ya saa nne.

Mzee Rono alipiga simu. "Madam, hiyo majibu imetoka?" Nikamwambia kompyuta inasumbua. Akasema sawa, atangoja. Watu wapole wananitia hasira zaidi.

Alhamisi, 5 Juni
Daktari yuko Nairobi mkutanoni. Amezima simu. Kurasa zangu ziko mezani pake, hata hazijaguswa. Stima ilipotea saa nne, ikarudi saa nane. Nilitamani kupiga kitu teke. Nikapiga debe la takataka. Mguu unauma.

Saa tisa afisa akapiga. Jibu? Sina. Akakata.

Ijumaa, 6 Juni
Nimeandika F. Sikumwuliza mtu. Haikufika dakika moja.

Si mnyauko. Ni bakteria wa kawaida wa udongoni.

Nikampigia Mzee Rono. Nikamwambia anaweza kupanda.

"Tulifukia jana jioni, madam. Afisa alisema hawezi ngoja. Lakini asante kwa kupiga."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, 7 Juni
Sikuenda kazini. Nimefua, nimeanika.

Daktari hakunishika mkono nisiandike F. Jumanne nilikuwa na kompyuta, stima ilikuwepo, na herufi nilikuwa naijua. Nilitaka kwanza akubali kwamba amekosea.