Mama, Yule Jambazi ni Mimi

Mama yangu mpendwa,

Habari ya nyumbani? Goti lako limepoa ama bado linakusumbua ukitoka kanisani? Mimi ni mzima, ni baridi tu ya Cape Town inanitafuna. Na wewe dadangu Akiru unayemsomea Mama, soma polepole na usiongeze chumvi yako.

Mama, najua kwa nini hushiki simu yangu. Akiru ameniambia vijana wa hapo Isiolo walikuonyesha kile kipande cha filamu, ukaniona na bunduki nikifukuza ng'ombe wa watu, ukasema wewe huna mtoto mwizi wa mifugo. Sikulaumu. Mjomba, ndugu yako wa pekee, aliuawa na watu wa aina hiyo kule Oldonyiro. Hata mimi nilimlilia.

Lakini nisikilize kidogo. Unajua kazi yangu ni upishi wa hoteli. Watu wa filamu walikuja kula, wakaniona mrefu, mweusi tititi, wakauliza kama nataka kuigiza. Nikasema naweza kuwa daktari. Walicheka mpaka chai ikamwagika! Daktari ni mzungu, wakaniambia, sisi weusi ni majambazi na wamama wa kulia. Wakanivisha shuka za Wamaasai. Nikawaambia mimi ni Mturkana, wakasema mtazamaji hatajua. Hapo kuna rafiki yangu Mchina, fundi wa saa, kila filamu anapewa kazi ya kurusha mateke, na mgongo unamuuma, maskini.

Basi mwelekezi wa filamu akataka nipige kelele kwa lugha yetu, maneno yoyote ya hasira. Ai! Nimtukane nani? Nilifungua mdomo nikakukumbuka wewe. Nikatoa macho, nikanguruma salamu zetu za Kiturkana: "Mama, ejok noi! Umeamkaje? Umekula? Yule mbuzi mweusi amezaa?" Mwelekezi akapiga makofi, eti hiyo ndiyo hasira ya kweli.

Siku hiyo nilicheka sana. Halafu wakatuonyesha filamu yenyewe, nikaona maandishi ya Kiingereza chini ya uso wangu, eti ninasema: tutachoma kijiji chenu, hatuachi hata mtoto. Tulipotoka, mama mmoja aliniona mlangoni akakumbatia mkoba wake. Iliniuma, Mama. Huyo akikutana na kijana wetu yeyote atamwogopa. Wameniita tena niwe mwizi yule yule, nimekataa. Heri nikate vitunguu vyangu.

Nisalimie kaka Lokwang, mchuuzi wetu wa mbuzi huko Garbatulla, na mwalimu wa kwaya. Jirani yetu Hadija wa duka mwambie salaam aleikum.

Kile kipande cha kwenye simu kina muziki tu, ndiyo maana hukunisikia. Filamu ikifika huko, kaa na Akiru mwitazame. Bunduki usiijali, ni ya mbao. Wewe sikiliza sauti yangu. Na Jumapili ukitoka kanisani shika simu, tafadhali, maana mpaka leo hujanijibu: yule mbuzi alizaa?

Mwanao anayekupenda sana,
Ekiru